Baba Yake Shosh Hakuwa Stalingrad

Mwaka wangu wa mwisho chuoni, ambao pia ulikuwa wa pili manake sikumaliza, tulipewa swali la historia ambalo hata wewe ulilifanya shule ya upili, ni vile tu umelisahau. Eleza matukio manne ya kivita yaliyogeuza mkondo wa Vita vya Pili vya Dunia. Jibu nililijua kama Baba Yetu. Midway, Juni 1942. El Alamein, Oktoba na Novemba 1942. Stalingrad, Februari 1943. Normandy, Juni 1944. Nikaandika, nikapata alama nzuri. Muhula uliofuata karo ikanishinda, nikarudi nyumbani Runyenjes na begi moja na deni.

Nilimkuta Shosh barazani akichagua maharagwe. Hakuniuliza kwa nini nimerudi. Aliniuliza nilikuwa nasoma nini huko. Nikamwambia mambo ya vita.

"Vita gani?"

"Ile ya Hitler."

"Si hiyo ndiyo baba alienda." Akatupa jiwe moja dogo nje ya ungo. "Sasa hapo kwa hiyo yenu, Isiolo imo?"

Nikamwambia haimo. Akanyamaza, akaendelea na maharagwe yake.

Baba yake Shosh alikuwa dereva wa lori la jeshi. Ukishuka steji leo na kuuliza njia ya kwa Bama, utaonyeshwa boma letu, ingawa wengi wanaokuonyesha hawajui Bama ni Burma. Ameacha mkanda wa ngozi uliokauka, na hadithi moja tu ya vita. Hakumsimulia Shosh habari za risasi. Alimwambia kwamba huko ng'ambo ya Isiolo alikuwa akiendesha lori lililojaa mapipa ya maji, siku nzima juani, na maji hayo hayakuwa yake kunywa zaidi ya kipimo alichopewa. Basi.

Nilikuwa na wakati mwingi na pesa kidogo, kwa hivyo nikaanza kusoma upya. Safari hii sikuanzia Ulaya. Nilianzia Isiolo.

Barabara ya kaskazini

Ukitoka Embu na matatu, unapita Runyenjes, unavuka Thuci, unapita Chuka na Nkubu hadi Meru. Ukiendelea hadi Subuiga na kushika njia ya kushoto au kulia, kutegemea umetokea wapi, mlima unabaki mgongoni na mbele yako nchi inafunguka ghafla: tambarare, joto, vumbi, na barabara inayoteremka Isiolo. Kutoka hapo hadi Moyale ni kama kilomita 500. Leo ni lami tupu, basi linakufikisha siku hiyo hiyo. Mwaka 1940 ilikuwa njia ya mawe na mchanga, na mwisho wake kulikuwa na Waitaliano.

Hilo ndilo jambo ambalo shuleni tunalipita mbio. Italia iliiteka Ethiopia mwaka 1936, na Somalia ya kusini ilikuwa koloni lake tangu zamani. Kwa hivyo ilipoingia vitani tarehe 10 Juni 1940, Kenya iliamka ikiwa imepakana na adui kaskazini na mashariki. Waitaliano walikuwa na askari zaidi ya 250,000 katika Afrika Mashariki, wengi wao Waafrika. Upande wa Kenya palikuwa na brigedi chache tu za King's African Rifles, wale ambao wazee wetu waliwaita keya. Mwezi huo huo ndege za Italia zilidondosha mabomu Wajir. Huku kwetu, mapadre wa Consolata waliokuwa wakiendesha misheni kando ya mlima, Waitaliano hao, waligeuka kuwa raia wa adui kwa usiku mmoja, na wengi wakakusanywa na kufungiwa. Hebu fikiria Mkristo mpya wa Meru mwaka huo. Aliyembatiza ni adui, na anayemwambia hivyo ndiye anayemtoza kodi ya kichwa.

Tarehe 1 Julai Waitaliano waliishambulia Moyale. Keya waliokuwa ngomeni walizingirwa wakaishiwa maji, na usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 walitoroka kimya kimya gizani. Adui akasonga hadi Buna. Kati yake na mashamba ya Meru palibaki jangwa na ile barabara.

Na jangwa ndilo lililomsimamisha. Kikosi kinachovuka pale kinahitaji kubeba kila tone la maji na petroli, na Waitaliano, wakiwa wamekatwa kutoka kwao na meli za Waingereza, hawakuwa na petroli ya kuchezea. Waingereza walitumia miezi sita iliyofuata kufanya kazi isiyopendeza kwenye sinema. Walipanua barabara, walichimba visima, walipanga maghala, walileta askari kutoka Afrika Kusini, Gold Coast na Nigeria, na waliandikisha watu. Kwa hiari, kwa mshahara, kwa kusukumwa na chifu, na baadaye kwa sheria, vijana wa Meru na Embu waliingia: wapiganaji, lakini zaidi madereva, wapishi, makarani, wachukuzi na vibarua wa barabara. Hadi vita viishe, karibu Waafrika 98,000 kutoka Kenya walikuwa wamepita jeshini.

Mwanzoni mwa 1941 lango likafunguliwa. Wanajeshi wa Afrika Kusini walitoka Marsabit wakateka Mega tarehe 18 Februari, na tarehe 22 Moyale ikarudi. Pigo kubwa lilipita Garissa: Kismayu ikaanguka katikati ya Februari, Mto Juba ukavukwa, Mogadishu ikachukuliwa tarehe 25, Harar tarehe 26 Machi, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ni zaidi ya kilomita 2,500 kwa chini ya miezi miwili. Tarehe 5 Mei Haile Selassie akaingia mji wake mkuu, miaka mitano kamili tangu Waitaliano walipouingia.

Sasa angalia mnyororo unavyofungana, manake hapa ndipo nilipoishika kalamu vizuri. Eritrea nayo ilipoanguka Aprili ile ile, Bahari ya Shamu haikuwa tena eneo la vita. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na sheria zake zilikataza meli zake kupita penye mapigano. Rais Roosevelt akatangaza njia hiyo iko wazi. Meli za Marekani zikaanza kupeleka shehena moja kwa moja hadi Suez, kwa jeshi lililokuwa Misri. Divisheni zilizokuwa Ethiopia na Eritrea zikahamishiwa huko huko. Mwaka mmoja na nusu baadaye jeshi hilo likashinda El Alamein, na El Alamein ikaingia kwenye mtihani wangu.

Isiolo haikuingia. Lakini toa Isiolo uone kama hesabu itakubali.

Watatu juu ya mlima

Waitaliano walioshindwa waliletwa Kenya kwa maelfu kama mateka. Kambi moja ilikuwa Nanyuki, namba 354, chini kabisa ya mlima. Tarehe 24 Januari 1943 mateka watatu wakiongozwa na Felice Benuzzi walitoroka. Hawakwenda kutafuta uhuru. Walikuwa wamechoka kuutazama mlima kupitia waya, wakaamua kuupanda, wakiwa na vifaa walivyojitengenezea wenyewe na chakula walichojibania. Tarehe 2 Februari, siku ambayo Wajerumani wa mwisho walisalimu amri Stalingrad, wao walikuwa huko juu kwenye baridi. Tarehe 6 wakasimika bendera ya Italia Point Lenana. Kisha wakashuka, wakarudi kambini wenyewe, wakaadhibiwa kwa kufungiwa kwenye seli.

Napenda kisa hiki. Kila mtu anakipenda, na kitabu alichoandika Benuzzi bado kinasomwa na wapanda milima. Ila kikumbuke, manake miaka kumi baadaye watu wengine watapanda mlima huo huo wakikimbia, na hakuna atakayewaita wanamichezo.

Bahari

Japani ilikuwa imeingia vitani Desemba 1941. Ilipoitwaa Singapore na kuishambulia Colombo Aprili 1942, Bahari ya Hindi yote ikawa na hofu, Mombasa ikiwemo. Waingereza waliogopa Wajapani wangepata bandari Madagascar, iliyokuwa chini ya serikali ya Ufaransa iliyoelewana na Hitler. Wakaivamia Mei 1942, na Septemba brigedi ya Afrika Mashariki ikashushwa Majunga kumaliza kazi. Ilimaliza Novemba. Vikosi vingine vikapelekwa Ceylon kulinda kisiwa na kujifunza kupigana msituni.

Kwa kijana aliyezaliwa kando ya Mto Rupingazi, bahari yenyewe ilikuwa tukio. Na bahari haikuwa na mzaha. Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na abiria wapatao 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wanawake. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani iliipiga. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliosalia walikuwa wakielea majini, na nyambizi ikajificha chini yao. Meli za kivita za Waingereza zilikuwa na chaguo moja baya: zikaangusha mabomu ya kulipukia majini mle mle walimokuwa watu wao. Nyambizi ilizamishwa. Watu 1,297 walikufa, na 214 wakaokolewa.

Msiba huu hauko kwenye orodha yoyote ya matukio yaliyogeuza vita. Haukugeuza chochote. Nauweka hapa kwa sababu Shosh aliniuliza walisafiri na nini kwenda Burma, na nilipomweleza kuhusu meli hii alisema, "Kumbe angekuwa ndani," akasimama, akaenda kuangalia moto ambao haukuwa umezimika.

Bonde la Kabaw

Mwezi uliofuata, Machi 1944, Wajapani waliingia India kutoka Burma wakilenga Imphal na Kohima. Walipigwa hadi Julai, wakapoteza watu zaidi ya 50,000 kati ya waliouawa, waliojeruhiwa na waliougua. Wanahistoria wengi watakwambia hapo ndipo vita vya Burma viligeuka. Sawa. Lakini adui anayerudi nyuma hajafukuzwa bado, lazima mtu amfuate. Na mvua za monsuni zilikuwa zimeanza, msimu ambao majeshi yote yalikuwa na kawaida ya kukaa chini na kungoja. Jenerali Slim akaamua safari hii hakuna kungoja.

Waliotumwa kushuka Bonde la Kabaw kuanzia Agosti, katikati ya mvua, walikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wenye nembo ya kichwa cha kifaru begani. Bonde hilo lilijulikana kwa malaria na homa za kupe wadogo wa majani kiasi kwamba liliitwa bonde la mauti. Askari walimeza vidonge vya mepakrini kila siku hadi ngozi ikawa ya manjano. Tope lilimeza malori mpaka kwenye mlango. Chakula kilidondoshwa na ndege, pale mawingu yaliporuhusu. Mmeru alilala handaki moja na Mkamba, Mnandi na Mnyamwezi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili cha keya, kile ambacho walimu wangetia kalamu nyekundu kutoka mstari wa kwanza. Kiswahili cha boma letu kilianzia huko. Shosh anasema baba yake aliporudi alikuwa akitoa amri kwa ng'ombe kwa Kiswahili, na ng'ombe walizoea.

Katikati ya Novemba wakafika Kalemyo. Tarehe 2 Desemba wakaingia Kalewa, kwenye ukingo wa Mto Chindwin. Hapo wahandisi wakajenga daraja la Bailey la zaidi ya mita 350, refu kuliko yote ya aina hiyo wakati huo. Jeshi lililokomboa Mandalay Machi 1945, na Rangoon mwanzoni mwa Mei, sehemu yake kubwa ilivukia hapo. Mwaka huo huo brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki ilipewa kazi ya kujifanya ndiyo inayovuka Mto Irrawaddy mahali fulani, ili Wajapani wakimbilie huko na jeshi halisi livuke pengine. Wajapani wakaingia mtegoni, wakawashambulia vikali. Ukiwa chambo na samaki akakula, mpango umefaulu.

Hilo ndilo nililojifunza Kabaw ambalo orodha ya mitihani haikunifunza. Tunazoea kuambiwa vita hugeuka siku moja, mahali pamoja, kwa akili ya jemadari mmoja. Lakini nyuma ya kila siku hiyo moja kuna miezi ya watu wanaobeba, wanaochimba, wanaoendesha na wanaougua, na mara nyingi watu hao walitoka kwetu.

Normandy yaja Embu

Walirudi mwaka 1945 na 1946. Wazungu waliotoka jeshini walifunguliwa mpango wa serikali wa kupata mashamba kwenye nyanda za juu. Keya alipata kiinua mgongo, cheti, na kipande shingoni kama alivyokiacha. Bama alijua kuendesha na kutengeneza lori lolote, ila hakuwa na lori. Alirudi kulima shamba la baba yake, ambalo lilikuwa limegawanywa kwa ndugu watano. Shosh alizaliwa hapo, 1948.

Mmoja wa waliorudi kutoka Burma alikuwa Waruhiu Itote wa Nyeri. Katika kumbukumbu zake alieleza jinsi mazungumzo na wageni huko yalivyomfanya ajiulize anapigania nchi ya nani. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952; yeye alishika njia ya msituni, na dunia ikamjua kama Jenerali China, kiongozi wa wapiganaji wa Mlima Kenya. Upande wa Embu alisikika Kubu Kubu, na upande wa Meru Baimungi na Mwariama. Handaki, doria, kuvizia, nidhamu ya vyeo: sehemu ya hayo ilikuwa elimu ya Burma.

Na nani aliletwa kupambana nao? Juni 1953 alifika Jenerali George Erskine kuongoza majeshi ya Uingereza Kenya. Kabla ya hapo, katika ile vita ya Hitler, Erskine aliongoza Divisheni ya 7 ya vifaru, wale Panya wa Jangwani, Afrika Kaskazini na kisha Normandy. Nilisoma mstari huo mara tatu. Normandy ya mtihani wangu ilikuwa imepanda ndege ikaja hadi msituni kwetu. Novemba mwaka huo zikafuata ndege za Lincoln, zilizoundwa mwishoni mwa vita vya dunia kwa matarajio ya kwenda kuipiga Japani. Zilikosa Japani. Zikapata Mlima Kenya na Nyandarua.

Mwaka 1954 amri ya vijiji ikatoka. Zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliondolewa kwenye maboma yao na kurundikwa ndani ya ua, chini ya walinzi. Kando ya msitu watu walilazimishwa kuchimba handaki refu, chini likipandwa miti iliyochongwa ncha, ili walio juu wasipate chakula cha walio chini. Wengine wakafungwa kambi za Mwea, wakati huo wilaya ya Embu. Mashamba ya mpunga ya Mwea, huo wali wako wa pishori, yalianza kuchimbwa kwa mikono ya wafungwa hao.

Shosh alikuwa na miaka sita. Anakumbuka nyumba ikichomwa, na anakumbuka baba yake akiondoka alfajiri na jembe. "Alikuwa anajua kuchimba," alisema. "Alisema Burma walichimba hivyo hivyo. Tofauti, huko walikuwa wanachimba waingie ndani wao wenyewe."

Jibu la pili

Ukiwa Nairobi, ukipita Jogoo Road, kuna soko la nyama linaloitwa Burma. Nimekula pale mara nyingi na wasee wangu, mate yakinidondoka, bila hata siku moja kujiuliza jina hilo lilitafuta nini Nairobi. Kuna Kariokor, vilevile, jina la wachukuzi wa vita vya kwanza. Tunaishi ndani ya hivi vita na tunaagiza nyama humo. Waitaliano waliofia Kenya wana kanisa la kumbukumbu Nyeri, na huko ndiko alikozikwa Duke wa Aosta, mkuu wao. Waliozama na Khedive Ismail wana kumbukumbu kwenye makaburi ya Ngong Road. Lakini aliyerudi hai, akalima nusu ekari, akafa kwa uzee, hana nguzo. Ana jina la steji.

Kwa hivyo nimeliandika jibu upya, ingawa hakuna wa kulisahihisha. Moja, Moyale na barabara ya Isiolo, 1940 hadi 1941, kwa sababu pasipo hiyo Suez ingekauka. Mbili, Bonde la Kabaw na daraja la Kalewa, 1944, kwa sababu ushindi wa Imphal ulihitaji miguu ya kuufuata. Tatu, mwaka 1946, ambao haukuwa na risasi hata moja, wakati walioshinda waligawana na wengine wakapewa cheti. Nne, lile handaki kando ya msitu, 1954, kwa sababu kwa watu wa Meru na Embu vita vya dunia havikuisha Berlin wala Hiroshima. Viligeuka tu, vikaelekea mlimani.

Nilimsomea Shosh jioni moja, nikitafsiri kwa Kiembu pale Kiswahili changu kilipokuwa kirefu kupita kiasi. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na yale maji? Umeandika?"

"Nimeyataja."

"Kipimo chake kilikuwa galoni moja kwa siku, ya kunywa na ya kuoga. Andika hivyo."

Nimeandika.